Polisi wa jimbo, sherifu na ICE: nani anaruhusiwa kumshika mtu kwa sababu ya makaratasi?

Katibu_DFW

Habari zenu wakuu. Chama chetu kina wanachama Dallas, Houston, Chicago na Minneapolis: Wakenya, Watanzania, na siku hizi Wakongomani wengi waliokuja kama wakimbizi. Nimepewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kusambaza kwenye kundi la WhatsApp, na kila nikianza nakwama palepale. Kwetu jambo hili halina utata. Tanzania uhamiaji ni jambo la Muungano na jeshi la polisi ni moja. Kenya, Jedwali la Nne la Katiba limeuweka uhamiaji mikononi mwa serikali ya taifa, na kaunti haina polisi wake. Huku Marekani kuna polisi wa mji, sherifu wa kaunti anayesimamia pia jela, polisi wa jimbo wa barabara kuu, halafu ICE, idara ya serikali ya shirikisho inayokamata na kufukuza wahamiaji, na kila mmoja ana bosi wake.

Naomba msaada kwa mambo matatu. La kwanza, polisi wa Texas akikusimamisha kwa mwendo kasi, anaruhusiwa kukuuliza makaratasi na kukushika kwa hilo? La pili, sheria ya uhamiaji ni moja nchi nzima. Inakuwaje mtu akamatwe Houston kwa kosa dogo aishie mikononi mwa ICE, na mwenye kosa lile lile Chicago arudi kulala kwake? La tatu ni la mjadala: majimbo yapewe nguvu ya kutekeleza sheria hii, au iachwe kwa Washington, yaani serikali ya shirikisho? Kundini watu wamegawanyika vibaya. Nataka hoja zenye vifungu, si mihemko.

MsaidiziWaMawakili

Katibu, anza na tofauti moja, maana mengine yote yanaegemea hapo. Kuwepo Marekani bila makaratasi, kwa kwenyewe, si kosa la jinai. Ni shauri la kiutawala linalosikilizwa na jaji wa uhamiaji, ambaye yuko chini ya Wizara ya Sheria ya shirikisho, na matokeo yake ni kuondoshwa nchini, si kifungo. Aliyeingia kwa viza ya masomo ya F-1 au ya matembezi ya B-2 ikamwishia akiwa humu yumo katika fungu hilo. Jinai ni kuingia kwa kukwepa mpaka (kifungu 1325 cha Juzuu ya 8 ya sheria za shirikisho) na kurudi baada ya kufukuzwa (1326).

Mahakama ya Juu iliweka mipaka tarehe 25 Juni 2012 katika kesi ya Arizona. Jimbo hilo lilikuwa limetunga sheria yake, SB 1070 (SB ni mswada wa Seneti ya jimbo), mwaka 2010. Vifungu 3 vilianguka: kilichofanya kukosa kitambulisho cha uhamiaji kuwa kosa la jimbo, kilichomshtaki asiye na kibali kwa kutafuta kazi tu, na kilichomruhusu polisi kukamata bila hati kwa kuamini kwamba mtu anastahili kufukuzwa. Kimoja kilisalia, 2(B): polisi aliyekusimamisha kihalali kwa jambo jingine, akiwa na sababu ya kushuku, anaweza kuulizia hali yako kwa ICE. Lakini kuuliza ni kitu kimoja, kukuweka kando ya barabara ukisubiri jibu ni kitu kingine. Mwaka 2015, katika kesi ya Rodriguez, Mahakama hiyo hiyo ilisema kazi ya kuandika faini ikiisha, na kusimamishwa kumeisha, isipokuwa polisi awe na sababu mpya ya kushuku uhalifu.

Sasa barabara za Texas. Mwendo kasi peke yake haukupeleki jela ukitia saini ahadi ya kufika mahakamani. Kifungu 543.004 cha Sheria ya Usafiri ya Texas kinamlazimisha polisi akupe karatasi akuache uende kwa makosa ya mwendo kasi, kuandika ujumbe wa simu ukiendesha, na chombo cha pombe kilichofunguliwa ndani ya gari. Makosa mengine ya barabarani, hata yale ambayo adhabu yake ni faini tu, yanamruhusu akutie pingu. Kesi iliyothibitisha hilo ilitoka Texas kwenyewe, mji wa Lago Vista, mwaka 2001, na kosa lilikuwa kutofunga mkanda. Kwa hiyo kinachowaponza watu wetu mara nyingi si ule mwendo, ni kukosa leseni. Texas haitoi leseni kwa asiye na makaratasi. Minnesota inatoa tangu tarehe 1 Oktoba 2023. Dereva ni yule yule, gari ni lile lile, lakini Minneapolis ataondoka na faini na Dallas anaweza kulala jela ya kaunti.

Kuhusu kujibu maswali: dereva lazima atoe leseni na bima. Ulizaliwa wapi, uliingiaje, viza yako iko wapi, hayo unaweza kusema kwa adabu kwamba hutajibu. Mwenye grini kadi atembee nayo, kwa sababu kifungu 1304(e) kinamtaka kila mgeni wa miaka 18 na zaidi awe na hati yake mwilini. Na hili liandike peke yake kwenye mstari wake: mtu asiseme kamwe kwamba ni raia wakati siye. Tangu tarehe 30 Septemba 1996, kudai uraia wa uongo kunakufungia grini kadi moja kwa moja, na kuoa au kuolewa na raia hakukufungulii. Kosa hilo hilo linafanyika kimyakimya kwenye fomu ya kazi ya I-9, pale mtu anapoweka tiki kwenye kisanduku cha raia ili apate zamu.

KaraniWaDhamana

Msaidizi amemaliza habari ya barabarani. Swali la pili jibu lake liko jela, kwenye kioo cha mashine ya alama za vidole.

Kila anayeingizwa jela ya kaunti, iwe Harris (Houston), Dallas, Cook (Chicago) au Hennepin (Minneapolis), anawekwa vidole 10 juu ya kioo hicho. Alama zinapita ofisi ya utambulisho ya jimbo, zinafika FBI kule Clarksburg, West Virginia, kutafutiwa rekodi ya jinai, na FBI inazisukuma kwenye hifadhi ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Utaratibu huu ulianza 2008. Jimbo haliwezi kujitoa, kwa sababu hakuna jela inayoweza kuacha kupeleka alama FBI. Wanachama wenu wa Chicago waambiwe wazi, maana wengi wanaamini jimbo lao linawaficha. Haliwafichi. Na kila aliyepewa viza Nairobi au Dar es Salaam alishaweka vidole vyake ubalozini, kwa hiyo jina lake linatoka.

Alama zikioana, kituo cha ICE kilichoko Williston, Vermont, kinachofanya kazi saa 24, kinarudisha jibu. Ofisi ya ICE ya eneo hilo inaamua kama inamtaka mtu huyo. Ikimtaka, inatuma jelani fomu I-247A, ambayo ni ombi la kumshikilia. Fomu hiyo ina visanduku 4 vya sababu: kuna amri ya mwisho ya kufukuzwa, kesi ya uhamiaji inaendelea, alama za vidole zimeonyesha hana haki ya kuwepo, au maneno aliyoyasema mwenyewe kwa afisa. Kisanduku cha nne ndicho kinachojazwa na ile simu ya kirafiki inayopigwa selo kumuuliza mtu amezaliwa wapi. Anaruhusiwa kutojibu hata akiwa ndani. Fomu yenyewe inasema inaanza kufanya kazi mhusika akishapewa nakala yake, basi aombe nakala, na familia imuulize kisanduku gani kimetiwa alama. Wakili atataka kujua hilo kabla ya kitu kingine chochote. Pamoja na fomu hiyo kunakuja hati I-200 (ya kukamata) au I-205 (ya kufukuza). Zote mbili zimetiwa saini na afisa wa ICE, hakuna jaji aliyeziona.

Hapo ndipo Houston na Chicago zinapoachana. Texas, kwa sheria yake SB 4 ya 2017, inamlazimisha sherifu kutii ombi hilo. Akikataa, anaweza kushtakiwa kwa jinai, kutozwa faini inayofika $25,500 kwa siku kwa makosa ya kurudia, na kuondolewa kazini. Illinois, kwa sheria yake ya 2017, inamkataza sherifu kumshikilia mtu hata dakika moja kwa fomu hiyo au hati hizo pekee. Anataka karatasi iliyosainiwa na jaji. Kwa hiyo Washington inajua habari ile ile kuhusu watu wote wawili. Kinachotofautiana ni nani anayefungua mlango wa jela na saa ngapi.

Familia zinachanganya saa 48 na saa 48. Za kwanza ni za Texas: aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48 asomewe mashtaka na apangiwe dhamana. Za pili ni za ICE, na hazihesabiwi tangu alipokamatwa. Zinaanza pale ambapo jela ingemwachia, yaani dhamana ikilipwa, kesi ikifutwa au kifungo kikiisha. Mtu anaweza kukaa kaunti miezi 3 na saa za ICE hazijaanza hata moja. Zikiisha kabla ICE haijafika, jela haina tena haki ya kumshika, na wakili aandike barua hapo hapo kwa idara ya sherifu.

Kosa ninaloliona likirudiwa kila wiki ni la dhamana. Ndugu wanachangishana usiku, wanampa kampuni ya dhamana asilimia 10, wanakwenda kumsubiri mlangoni. Kumbe ndani kuna I-247A. Dhamana ikishaingia, saa 48 zinaanza, ICE inamchukua, anahamishwa kituo cha mbali, siku ya kesi ya kaunti inafika naye hayupo. Hakimu anatoa hati ya kumkamata kwa kutofika na dhamana inaweza kutaifishwa. Kabla ya kulipa senti, piga simu dawati la jela uulize kama kuna ombi la ICE juu yake. Kama lipo, wakili wa jinai na wakili wa uhamiaji wazungumze kwanza. Wakati mwingine ni afadhali amalize kesi akiwa kaunti, wakati mwingine ni afadhali atoke haraka aombe dhamana ya uhamiaji. Inategemea kosa, na inategemea aliingiaje nchini. Tangu sheria ya tarehe 29 Januari 2025, asiye na hadhi halali aliyeingia nchini bila kukaguliwa au kwa udanganyifu, akishikwa kwa wizi, hata wa dukani, hana dhamana ya uhamiaji, hata kabla ya kutiwa hatiani.

Na kesi ndogo isimalizwe harakaharaka. Texas ina utaratibu ambapo mtu anakiri kosa, jaji anaahirisha kumtia hatiani, anamaliza muda wa uangalizi na kesi inafutwa. Kwa jimbo, huyo hana hatia. Kwa uhamiaji, amepatikana na hatia, kwa sababu sheria ya shirikisho inaangalia vitu viwili tu: alikiri, na akawekewa sharti au adhabu. Tangu kesi ya Padilla ya 2010 wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja athari hizo. Muulizeni kwa maandishi, majibu yake muyatunze.

MwanaTexas

Nachukua swali la tatu, upande wa majimbo, kwa sababu kundini inaonekana hoja hii inaachiwa wenye kupiga kelele tu. Ina msingi.

Kwanza, Bunge la Marekani lenyewe limeacha milango wazi. Kifungu 1324(c) kinamruhusu afisa yeyote wa kutekeleza sheria ya jinai kumkamata anayesafirisha au kuficha wahamiaji. Kifungu 1252c kinamruhusu polisi wa jimbo kumshika aliyewahi kufungwa kwa kosa kubwa, akafukuzwa nchini, akarudi, mradi athibitishe kwanza na mamlaka za uhamiaji. Na kifungu 1357(g), kinachojulikana kama 287(g), tangu 1996 kinaruhusu mkataba wa maandishi kati ya ICE na sherifu. Mikataba hiyo ina aina 3, na wanachama waelewe tofauti. Ya jela: askari wa sherifu aliyesoma wiki 4 anahoji wafungwa na kuandaa makaratasi yao ya uhamiaji. Ya hati: mafunzo ya siku 1, askari anamkabidhi tu aliyeko jela hati za ICE. Ya kikosi: mafunzo ya saa 40, askari anauliza na kukamata mitaani katika kazi zake za kila siku. Hii ya tatu ilisimamishwa 2012 ikarudishwa 2025, na mwaka huo huo mikataba yote ilivuka 1,000. Texas nayo ilitunga sheria 2025 ya kuwataka masherifu wanaoendesha jela waingie katika mikataba hii. Kwa hiyo Katibu, msiandike "sherifu hana mamlaka". Andikeni jina la kaunti na aina ya mkataba wake. ICE inaweka orodha hadharani.

Pili, gharama. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Tyler, Texas, iliamuru shule za umma zipokee watoto wote bila kujali makaratasi. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi sahihi, lakini bili inalipwa na wilaya ya shule. Hospitali nazo, kwa sheria ya 1986, lazima zimhudumie kila anayeingia chumba cha dharura. Jimbo linabeba mzigo wa sera ambayo halina sauti ndani yake. Sherifu anapigiwa kura na watu wa kaunti kila miaka 4, naye atawajibika kwao.

Tatu, usalama wa hao hao tunaotaka kuwalinda. Makabidhiano ndani ya jela yanafanyika mtu akiwa ameshapekuliwa, hana silaha, na hakuna mtoto anayeangalia. Jela ikikataa, ICE haimwachi. Inamfuata nyumbani alfajiri au kwenye ngazi za mahakama, na ikimkosa inamkuta shemeji yake aliyekuwa kwenye sofa, ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote. Hili wanaotetea sheria za Illinois wanapaswa kulijibu.

Kuhusu SB 4 mpya ya Texas (si ile ya 2017), iliyosainiwa na Gavana Abbott tarehe 18 Desemba 2023, watu wanaogopa hata isipowahusu. Inagusa aliyeingia Texas moja kwa moja kutoka nchi ya kigeni bila kupita kituo cha mpaka. Aliyetua uwanja wa ndege wa Dallas (DFW) na viza, ikamwishia baadaye, hayumo. Kosa la kwanza ni hadi siku 180 jela. Jaji Ezra wa mahakama ya shirikisho aliizuia tarehe 29 Februari 2024. Tarehe 19 Machi Mahakama ya Juu ikaiachia, na usiku huo huo Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 5 ikaizuia tena. Agosti 2025 Kanda ya 5 iliamua kuisikiliza upya mbele ya majaji wake wote. Ukurasa wenu uwe na tarehe juu, na mtu wa kuuhuisha.

BintiHennepin

Nakuheshimu kaka MwanaTexas kwa kuleta vifungu. Nami nitakujibu kwa vifungu.

Sababu ya jambo hili kuwekwa mikononi mwa serikali moja inaonekana vizuri katika kesi ya 1875, Chy Lung. Meli ilitia nanga San Francisco ikiwa na abiria kutoka China. Afisa wa uhamiaji wa jimbo la California akawatazama wanawake 22, akasema kwa macho yake tu kwamba ni wenye tabia mbaya, akadai dhamana ya $500 za dhahabu kwa kila mmoja. Mahakama ya Juu ikasema haiwezekani jimbo moja liiingize nchi nzima katika ugomvi na taifa la kigeni. Angalia sasa hiyo SB 4 ya 2023: jaji wa Texas anamwamuru mtu arudi alikotokea, yaani Mexico, hata kama ni Mkongomani wa Bukavu. Mexico ilishasema haitampokea mtu yeyote aliyefukuzwa na jimbo la Texas. Asipoondoka, ni kosa kubwa la miaka 2 hadi 20. Mtu anafungwa kwa kutokwenda mahali ambapo hapokelewi.

Hoja ya jela uliyoitoa ni nzito na sitaikwepa. Ni kweli ICE inahamia mitaani. Lakini swali la kisheria ni nani amlipie anayeshikwa kimakosa. Mahakama ya rufaa ilisema 2014, kesi ya Galarza, kwamba fomu ya ICE ya kumshikilia mtu ni ombi, si amri. Mwaka huo huo, Oregon, kaunti ya Clackamas ilipatikana imevunja Katiba kwa kumshikilia mwanamke kwa fomu hiyo bila sababu ya kutosha. ICE iliomba, kaunti ikalaumiwa. Massachusetts ilifuata 2017 kwa kesi ya Lunn: sheria ya jimbo haimpi askari wake mamlaka ya kumkamata mtu kwa shauri la kiutawala. Hapa Minnesota mwanasheria mkuu wa jimbo alitoa maoni kama hayo Februari 2025. Sherifu anayekataa, mara nyingi anasoma bima yake na sheria ya jimbo lake. Si kwamba anapigana na Washington.

Na anayesema majimbo yanayokataa yanavunja sheria ya shirikisho aisome kesi ya Printz, 1997. Ilikuwa kesi ya bunduki. Masherifu wa Montana na Arizona walikataa kulazimishwa na Washington kuwachunguza wanunuzi wa bastola, Mahakama ya Juu ikawaunga mkono: serikali ya shirikisho haiwezi kuwageuza maafisa wa jimbo kuwa watumishi wake. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoilinda Illinois leo, na Julai 2025 jaji wa shirikisho aliifuta kesi ya Washington dhidi ya Illinois, Chicago na kaunti ya Cook kwa msingi huo. Kanuni ina mipaka: jimbo linaweza kukaa pembeni, haliwezi kumzuia afisa wa ICE kufanya kazi yake.

Watu wanaoumia na mfumo huu bila kutarajia ni watoto wetu waliokuwa raia bila kujua. Kwa sheria ya uraia wa watoto ya 2000, mtoto mwenye grini kadi anayeishi na mzazi wake hapa Marekani, mzazi huyo akiapishwa kuwa raia kabla mtoto hajatimiza miaka 18, naye anakuwa raia siku hiyo hiyo. Hakuna fomu, hakuna sherehe. Lakini hifadhi ya Usalama wa Ndani inaendelea kumwonyesha kama mwenye grini kadi. Akija kushikwa akiwa na miaka 22, alama za vidole zinamtoa kama mgeni na I-247A inatumwa. Dawa ni pasipoti ya Marekani ya mtoto, iombwe mzazi akishaapishwa tu, cheti cha mzazi kikiwa bado mezani. Ile I-247A ina maelezo ya namba ya simu ya bure kwa anayesema ni raia. Apige akiwa jela.

Kuna nguvu nyingine ya majimbo ambayo mjadala wa kundini huisahau, nayo ni kubwa kuliko polisi wote. Kwa sheria ya shirikisho, wizi au kosa la ukatili lenye hukumu ya mwaka 1 kamili linahesabiwa kosa zito la uhamiaji, hata kama hukumu yote ni kifungo cha nje. Hata mwenye grini kadi anafukuzwa kwa hilo. Washington, lile jimbo, lilipunguza kilele cha adhabu ya makosa ya ngazi hiyo kutoka siku 365 hadi 364 mwaka 2011. California, New York na Minnesota zilifuata, Minnesota mwaka 2023. Texas kosa la daraja A bado ni hadi mwaka mzima. Siku 1 kwenye kitabu cha adhabu cha jimbo inaamua kama mama atabaki na wanawe. Wakili Texas anapoafikiana na mwendesha mashtaka, aombe siku 364 kwa maneno hayo hayo.

Mwisho, polisi wa mji ndiye anayesaini Nyongeza B ya fomu I-918 kwa mhanga wa uhalifu anayeomba viza ya U. Mwanamke anayepigwa nyumbani akiamini kwamba kupiga simu ya dharura 911 ni kumwita ICE, hatapiga, na hiyo saini hataipata.

Katibu_DFW

Shukrani sana, nimeshaanza kuandika upya. Mawili yamebaki. Kwa Wakongomani wenye hadhi ya ukimbizi, kuna la pekee? Na mtu akipotea kati ya kaunti na ICE, familia ianzie wapi?

KaraniWaDhamana

Mkimbizi ana hadhi halali tangu siku aliyotua, lakini akitimiza mwaka 1 sheria inamtaka aombe grini kadi kwa fomu I-485, na mkimbizi halipii fomu hiyo. Asiyeomba amejiacha wazi bila sababu. Kabla ya kadi kufika, atembee na I-94 (rekodi yake ya kuingia nchini) yenye muhuri wa ukimbizi, nakala nyingine ibaki nyumbani.

ICE ikija nyumbani: hati ya jaji ina jina la mahakama juu, saini ya jaji au hakimu, na anwani sahihi. I-200 na I-205 zina jina la Wizara ya Usalama wa Ndani. Aliyeko ndani aombe hati ipitishwe chini ya mlango au ionyeshwe dirishani kabla ya kufungua. Mwanzoni mwa 2026 ilijulikana kwamba ICE ina waraka wa ndani wa Mei 2025 unaodai I-205 inatosha kuingia nyumbani kwa nguvu, mawakili wanaupinga. Wakivunja mlango asizuie kwa mwili wake. Aseme kwa sauti kwamba hajaruhusu, na arekodi.

Ubalozi: Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo lazima ubalozi wake uarifiwe raia wake akikamatwa, hata asipotaka. Kenya, Uganda na Kongo hazimo; kwa hao ni mpaka mhusika aombe. Mtanzania aliyejilipua, yaani aliyeomba hifadhi akiikimbia serikali yake, amwambie wakili mapema, maana hatajwi kwa ubalozi kwamba ameomba hifadhi, ila kukamatwa kwake kutatajwa.

Kumtafuta: kwanza tovuti ya jela ya kaunti. Akionekana "ameachiwa" na hajafika nyumbani, nenda kwenye ukurasa wa ICE wa kutafuta waliozuiliwa. Unataka namba A (namba ya mtu ya uhamiaji) yenye tarakimu 9 na nchi ya kuzaliwa, au jina, nchi na tarehe ya kuzaliwa. Nchi ni ya kuzaliwa, si ya uraia: Mkongomani aliyezaliwa kambini Nyarugusu anatafutwa chini ya Tanzania. Na jina lazima liwe kama ICE ilivyoliandika. Sisi wenye majina 3 tunaandikwa vyovyote, la katikati likageuzwa la ukoo, la baba likaachwa. Jaribu mpangilio wa pasipoti, kisha ugeuze, kisha majina 2 tu. Kila mwanachama aandike namba A yake kwenye karatasi, aiache kwa mtu anayemwamini ambaye haishi naye nyumba moja.